Chakula Nilichompelekea Feza

Mawese yakianza kuungua juu ya moto, kabla kitunguu hakijatiwa, yana harufu ambayo watu wengi wa Baraka, mji wetu kando ya Ziwa Tanganyika, wakiwa mbali huitamani. Mimi hunifukuza. Juzi jirani yangu alikuwa akipika ndagala, dagaa wa ziwa letu, na upepo wa ziwa ukaivusha harufu hiyo juu ya ua wa matete mpaka kwangu. Nilikuwa napiga pasi. Nikaiacha, nikaenda kukaa juu ya ndoo nyuma ya nyumba hadi jirani alipofunika sufuria yake. Mume wangu akaja kuniuliza kama nina mimba. Nikamwambia sina mimba, nina dhambi. Akacheka sana, akarudi ndani kumalizia shati lake mwenyewe.

Sikumlaumu, yeye hakulelewa hapa. Ninyi wa umri wangu mliokulia kwenye makanisa yetu ya kando ya ziwa mtanielewa upesi, kwa sababu mlikaa kwenye mabenchi yaleyale ya darasa la ubatizo. Mnakumbuka: kila Jumamosi mchana, badala ya kwenda kuogelea, tunajazana chini ya bati la kanisa lililochemsha vichwa vyetu, tunakariri. Miezi na miezi ya kukariri. Mwishoni unaketishwa mbele ya wazee wa kanisa, wanakuuliza maswali, na ukifaulu ndipo unaingizwa ziwani Jumapili asubuhi ukiwa na kanzu nyeupe. Ukishindwa unarudi benchi la wadogo mwaka mzima, na mtaa wote unajua. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na hakuna kitu duniani nilichokitaka kama kanzu ile.

Mwalimu wetu aliitwa Etando, na nataka kumtendea haki kwanza kwa sababu mbele nitamsema. Alikuwa mkulima mwembamba mwenye shati moja jeupe alilolifunga vifungo mpaka shingoni. Hakulipwa chochote. Siku za matope alitembea kutoka shambani kwake akiwa ameshika viatu mkononi, akavivaa mlangoni pa kanisa ili asitufundishe pekupeku. Alitupenda. Alituambia kwamba mtoto hukua mara mbili, mwili na imani, na kwamba wengi huacha kukua kwa imani wakifika miaka kumi na minne, wakabaki hivyo mpaka uzee. Jambo hilo lilinitisha kuliko jehanamu. Nilikuwa mfupi tayari, na sikutaka kuwa mfupi pande zote mbili.

Nyumbani tulikuwa watatu. Baba alikuwa Misisi kwenye machimbo ya dhahabu, tukimwona mara mbili kwa mwaka. Mama alilima muhogo upande wa milimani, na kanisani aliongoza wamama wa maombi. Dada yangu Feza alinizidi miaka minne, na Feza ndiye aliyeimba. Sisemi alikuwa mwanakwaya, maana wanakwaya walikuwa wengi. Nasema yeye aliimba na wengine wakamsindikiza. Mistari yangu yote ya darasa alinifundisha yeye, kwa kuigeuza nyimbo wakati ananisuka, na nikikosea neno alivuta msuko. Tulikula sahani moja, mimi na yeye, kama watoto wa kike wa nyumba yoyote kwetu. Kila mara tonge lake lilizisukuma ndagala upande wangu, kana kwamba zinamzibia njia. Nilijua tu kwamba dada yangu hapendi ndagala, na nilimshukuru Mungu kwa kunipa dada wa namna hiyo.

Halafu ikaja Jumapili ile ya matangazo. Katibu wa kanisa alisoma habari za harusi, akasoma zamu ya kubeba mchanga wa ujenzi, kisha kwa sauti ileile akasoma jina la dada yangu. Feza alikuwa na mimba. Ametengwa: asiimbe, asishiriki meza ya Bwana, akae benchi la nyuma mpaka atakapotubu mbele ya kanisa zima. Feza akasimama katikati ya kwaya, akavua kitambaa cha buluu walichokuwa wakivaa shingoni, akakikunja vizuri, akakiweka kwenye kiti chake. Akatembea katikati ya mabenchi mpaka mwisho, karibu na mlango ambapo kuku walikuwa wakiingia na kutoka. Kwaya ikaimba bila yeye, na hata mtoto mdogo angesikia kwamba wimbo umekosa mtu. Jina la mvulana halikusomwa. Alikuwa ameshakwenda machimboni, na hakuna aliyeuliza. Nikiandika haya leo hasira inanipanda, lakini siku ile sikuona upungufu wowote.

Mama alimsihi Feza atubu upesi, yaishe. Nilikuwa nachambua mchele, nikamsikia dada yangu akijibu bila kupandisha sauti.

"Nitatubu, mama. Lakini siku naye atasimama pembeni yangu. Mimba haikujibeba yenyewe."

Mimi moyoni nilisema: kiburi. Nilikuwa nimejifunza neno hilo majuzi tu darasani na nilikuwa nalitafutia kazi.

Jumamosi iliyofuata Mwalimu Etando alitufundisha juu ya kutengwa. Macho yake yalinikwepa, maskini, lakini lilikuwa ndilo somo la siku na alilifundisha.

"Kutengwa haiko chuki," alisema. "Ni dawa. Muntu anatengwa ju apone. Njo maana hatukule naye sahani moja mpaka atubu. Na dawa, batoto, mukiikata katikati, ugonjwa unarudia na nguvu. Bazee batabauliza hiyo, mujue."

Nililielewa somo hilo kupita kiasi. Msimu ule wa mvua nilikuwa nimeugua malaria mara mbili, na mara ya pili ilikuwa kosa langu: vidonge vya mwisho vilikuwa vichungu, nikavitema nyuma ya choo. Homa iliporudi, Mama alinifundisha kwa fimbo kwamba dawa humalizwa. Basi nikafikiri kwa akili yangu ya miaka kumi na mitatu: kila mlo ninaokula na Feza ni kidonge kimoja kilichotemwa. Kama hatubu, ni sisi nyumbani tunaoikata dozi yake. Mimi ninayempenda kuliko wote ndiye ninayemzuia asipone. Sikuwa na nia mbaya hata chembe, na hilo ndilo linalonisumbua mpaka sasa, kwa sababu ningekuwa na nia mbaya ningejua pa kuanzia.

Jioni hiyo Mama aliweka ugali na sombe, majani ya muhogo, kwenye sahani yetu, akatuwekea maji ya kunawa. Feza akanawa. Mimi nikaficha mikono chini ya kanga.

"Faida, kula," Mama alisema.

"Sitakula na Feza."

Nilimwita jina tupu, bila dada, kwa mara ya kwanza maishani. Mama aliinua uso.

"Unasema je?"

"Anatengwa. Mwalimu alisema hatuwezi kula naye sahani moja. Ni dawa yake."

Nilingoja kofi. Nilikuwa hata nimefumba jicho moja. Laiti ningelipata, leo ningekuwa nalishukuru kofi lile kuliko ubatizo wangu. Lakini Mama aliitazama sahani, akamtazama Feza, na Feza ndiye aliyesema:

"Umupatie sahani yake, mama. Atalala na njaa bule."

Mama akaenda kuleta sahani nyingine. Wakati anagawa, mchuzi ukamwagikia mkekani. Nilidhani ananikubalia. Leo nadhani alikuwa ameona aibu, yeye mama wa maombi aliyekula na binti yake wiki nzima bila kuuliza, na sasa mtoto wa darasa la ubatizo anamfundisha nyumbani mwake. Aliniogopa, naamini hivyo. Si jambo zuri kuandika, kwamba mama yangu aliniogopa.

Nilimweleza Mwalimu Etando Jumamosi, huku nikijifanya sitaki kusifiwa. Akanisimamisha mbele ya darasa, akaniwekea mkono kichwani.

"Munaona uyu mutoto? Iko mudogo, lakini anakua ndani ya imani. Mufanye kama yeye."

Jamani, utamu ule. Kama kuna mtu aliyekuwa na njaa ya kuambiwa anakua, ndiye mimi. Nilirudi nyumbani nikitembea kama mke wa mchungaji. Tangu siku hiyo nikawa mkali zaidi. Nikatenga kikombe changu. Nikakataa kusukwa naye, nikaenda kusukwa na mtoto wa jirani aliyenivuta nywele vibaya, na maumivu yale nikamtolea Mungu. Feza akishika wimbo jikoni, nilitoka nje, kwa kuwa alikuwa amekatazwa kuimba. Taratibu Mama naye akaanza kula baadaye, akisema hana njaa. Tumbo la Feza likakua, na Feza akabaki na sahani yake karibu na mafiga, amegeukia ukuta.

Nilimwombea kila asubuhi. Nataka mjue hilo. Nilimwombea mpaka magoti yakawa na alama, nikitazama kila siku kama dawa imeanza kufanya kazi.

Baada ya muda Feza akaacha kula kwetu kabisa. Alivuka ua kwenda kwa Mama Ramazani, jirani yetu Mwislamu aliyekuwa akianika ndagala mchangani na kuziuza kavu. Siku moja nilipita pale nikitoka kuteka maji, na Mama Ramazani akaniita huku anageuza samaki wake kwa ufagio.

"We mutoto, kuya hapa. Kwenu chakula iliisha?"

"Hapana, mama. Iko."

"Sasa ju ya nini dada yako anakulaka kwangu?"

Nikamweleza juu ya kutengwa, taratibu, kama ninavyomweleza mtu ambaye hajabahatika kusoma. Nikamweleza na habari ya dozi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mi sijue mambo ya kanisa yenu," alisema. "Lakini sisi, ata mwezi wa kufunga, mwanamuke wa mimba tunamwambia akule. Na anapenda ndagala, uyu dada yako! Nikimupatia kingine, anaomba paka ndagala, ndagala tu."

"Feza hapendi ndagala," nilisema.

Mama Ramazani aliniangalia, akacheka kidogo, akaendelea kufagia samaki wake. Niliondoka na ndoo yangu kichwani nikimhurumia kwa kudanganyika. Nilifika hadi mlangoni kwetu ndipo neno lile likanigusa mahali fulani, kama jiwe dogo ndani ya kiatu. Nikalisukuma pembeni. Mtihani wa wazee ulikuwa umebaki wiki mbili.

Feza alishikwa na uchungu kabla ya wakati. Mama alikuwa amepanda shambani kuvuna muhogo, na siku zilezile bunduki zikasikika huko milimani, njia ikafungwa, yeye na wenzake wakabaki upande wa pili bila namna ya kushuka. Mama Ramazani ndiye aliyempeleka dada yangu hospitali juu ya pikipiki, akamshika nyuma njia nzima. Walimpasua. Mtoto wa kike akatoka hai, mdogo sana, na Feza akalazwa na kidonda chake. Mama Ramazani alikuwa na mama yake mzee kitandani nyumbani, hakuweza kulala kule. Kazi ya kupeleka chakula ikawa yangu.

Mnajua hospitali zetu. Mgonjwa hulishwa na watu wake. Saa sita mchana, chumba cha wazazi kinajaa sufuria zilizofungwa vitambaa, na kila kitanda kina watu wawili walioinamia chakula kimoja: mgonjwa na yule anayemlinda. Hakuna anayemwekea mgonjwa chakula na kumtazama. Unakula naye, ili tonge lako limvute tonge lake, hasa mwanamke aliyetoka kujifungua, ambaye mwili unauma na hamu imekufa. Nilikuwa nimemwona Mama akifanya hivyo kwa shangazi, kwa jirani, kwa mwanamke asiyemjua aliyekosa mtu. Nililijua jambo hilo kama ninavyojua kunawa mikono.

Nilipika ndagala kwa mawese. Sijui kwa nini nilichagua hizo. Labda lile jiwe la kiatuni. Mawese yakaungua, kwa sababu Feza ndiye aliyekuwa akipika nyumbani na mimi sikujua kupima moto, na harufu yake ikashika nguo zangu njia yote hadi upande wa pili wa mji. Nilipoingia, dada yangu alikuwa amelala ubavu, mtoto kwenye kanga mbele yake. Uso wake ulikuwa umekauka. Aliponiona alitabasamu kwa namna ambayo sikuwa nimeiona miezi mingi, akavuta miguu ili nipate mahali pa kukaa.

"Kuya ukae, Faida. Uangalie mutoto wako."

"Nitasimama," nilisema. Nikaweka sufuria juu ya kitanda, nikarudi mlangoni.

Alifungua kitambaa. Akatazama ndani, akanitazama.

"Ulipika ndagala."

"Ndiyo."

"Kuya tukule. Chakula inanikatala nikikaa peke yangu. Ata tonge moja, mudogo wangu. Leo tu."

"Posho ijayo bazee bataniuliza," nilisema. Posho ni Jumamosi kwetu, na kwangu ilikuwa Jumamosi moja tu, ile.

"Na utabaambia nini?"

"Kweli."

Mwanamke wa kitanda cha pili, aliyekuwa akila na mama mkwe wake, aliacha tonge hewani.

"We mutoto, uko na roho ya namna gani? Dada yako alipasuliwa!"

Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na jibu, nilikuwa nalo limekaririwa. Lakini Feza aliwahi.

"Mumwache, mama. Iko na masomo yake. Iko mutoto wa muzuri."

Kisha akasema, "Basi," akaivuta sufuria upande wake. Mimi nikageukia nje. Nilijiambia kwamba kumtazama aliyetengwa akila ni nusu ya kula naye, kwa hiyo nikatazama uani, ambako akina mama walikuwa wameanika nepi juu ya majani. Nilikaa hivyo mpaka nikasikia kifuniko kikirudi mahali pake. Nikachukua sufuria, nikasema Bwana asifiwe, nikaondoka. Kesho yake nilirudi, na kesho kutwa, siku zote alizolazwa. Sikukosa hata siku moja, na sikupita mlango hata siku moja. Kuanzia siku ya tatu hakuniambia tena nikae.

Jumamosi nikakaa mbele ya wazee wa kanisa. Walikuwa watano nyuma ya meza yenye kitambaa cha kusuka. Nilijibu mistari yote bila kukwama, katika sauti ya nyimbo za Feza ambayo sikuweza kuiondoa kichwani. Halafu mmoja akauliza swali nililokuwa nikilingoja.

"Nyumbani kwenu muko na muntu alitengwa?"

"Ndiyo, baba."

"Unaishi naye namna gani?"

"Sikulake naye. Ata ku hospitali, sikukula naye."

Wakatazamana. Nasema kweli, nilitumaini watapiga makofi. Hawakupiga, lakini mmoja alitikisa kichwa kwa kuridhika, katibu akaandika, na jina langu likasomwa la kwanza kati ya waliofaulu. Miongoni mwa watu wazima watano, hakuna hata mmoja aliyeuliza mgonjwa anaendeleaje.

Nilibatizwa Jumapili asubuhi. Maji yalikuwa baridi, mchungaji akanishika shingo na kiuno, nikazama, nikatoka, kwaya ikaimba ufukweni. Nilitafuta watu wangu kati ya wale waliosimama na mataulo. Mama alikuwa bado amefungiwa njia milimani. Baba alikuwa Misisi. Mtoto wa jirani ndiye aliyenifunika kanga. Tulirudi kwa nyimbo, nikiwa nimelowa na kanzu imenigandia miguuni, na furaha yangu ilikuwa ya kweli, siwezi kuikana. Nilikuwa nimepanga jambo moja: nimwonyeshe Feza kanzu, kwa maana alikuwa ametoka hospitali juzi yake. Nilifikiri akiiona atatamani kutubu.

Chumbani kulikuwa kumefagiwa. Mkeka wake umekunjwa. Nguo zake hazikuwepo, wala kanga ya mtoto. Mama Ramazani alikuwa amesimama kwenye ua, akaniambia bila kunitazama kwamba shemeji yake alikuwa na boti ya kuvuka asubuhi ile kwenda Kigoma, na Feza aliomba nafasi. Kidonda kilikuwa hakijapona. Nilibaki nimesimama katikati ya chumba na maji yakinidondoka, nikingoja nijisikie kwamba nimekua.

Mama alishuka milimani siku ya tatu. Aliweka kapu chini, akauliza Feza yuko wapi, nikamwambia. Akaketi palepale uani juu ya udongo, na kapu lake, na hakunigombeza. Mwalimu Etando alikuja jioni yake, amevaa viatu. Alizungumza na Mama kwa muda mrefu kwa sauti ya chini. Alipotoka akasimama mbele yangu, na vifungo vya shingoni vilikuwa wazi kwa mara ya kwanza.

"Faida," aliniuliza, "ni we ulisikia mubaya, ao ni mi nilifundisha mubaya?"

Alisimama akingoja jibu kama mtu anayelihitaji kweli, kisha akaenda zake. Aliendelea kufundisha, lakini sikumsikia tena akimsimamisha mtoto mbele ya wenzake. Mimi niliendelea kungoja. Kwa miezi mingi niliamini dawa inafanya kazi huko ng'ambo, kwamba siku moja Feza atashuka kwenye boti, amepona, ametubu, na atanishukuru. Imani hiyo haikuvunjika siku moja. Iliisha polepole, na sijui hata ilikwisha lini.

Feza aliishi kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania. Simu zilipokuwa rahisi tukaanza kuzungumza, akicheka kama zamani, akiniimbia mtandao ukiwa mzuri. Hakutaja hospitali kamwe. Mimi pia sikutaja. Nilijiambia msamaha wa jambo kama lile hauombwi kwenye simu, nitavuka, nitapiga magoti mbele yake. Kiangazi kilichopita aliugua, akafa kabla sijavuka. Binti yake, Mapendo, ana miaka kumi na minne sasa. Aliletwa kwangu na boti, na mfuko mmoja, na ni mrefu kama mama yake.

Kanisani wamenipa darasa la ubatizo. Walisema nina historia nzuri. Mapendo hukaa benchi la mbele, anakariri kwa sauti ya wimbo, nami inanibidi kutazama dirishani. Jumamosi iliyopita tulifika kwenye somo la kutengwa, na mtoto mmoja akaniuliza kama tule na aliyetengwa au tusile naye. Nikasema kula naye. Akauliza na kama hajatubu? Nikasema kula naye, kaa karibu, mpe ndagala zako. Wakaandika, wengine wakinitazama kwa mashaka, kwa sababu kwenye karatasi zao haikuandikwa hivyo. Tulipokuwa tunarudi nyumbani Mapendo akasema:

"Mama mudogo, mama alinihadisiaka habari yako."

"Alisema nini?"

"Alisema wakati nilizaliwa, bibi alifungiwa njia kule juu, na we, mutoto mudogo, ulikuwa unamupelekea chakula kila siku na miguu. Haukukosa ata siku moja. Alisema mi naishi ju yako. Alinitumaka kwako ju ya ile."

"Na nini tena?"

"Ni ile tu."

Ningeweza kuiacha hapo. Hadithi ilikuwa imetengenezwa vizuri na mtu aliyenipenda, na haikunidai kitu isipokuwa kunyamaza, kazi ambayo nimeizoea. Lakini mtoto huyu anakaa benchi lilelile, na ananiamini. Nilimshika mkono tukakaa kwenye ukingo wa mfereji, watu wakipita na mizigo yao ya sokoni, nikamwambia yote: sahani, dozi, sifa zile mbele ya darasa, mlango wa hospitali na miguu ya mama yake iliyovutwa ili nikae. Sikujitetea. Nililia, naye hakulia. Alikuwa akichora ardhini kwa kidole, na nilingoja aniambie neno lolote baya nililostahili.

"Zile siku zote," aliuliza, "mama alikuwa anakula?"

Nilifungua mdomo. Ni swali dogo, la mtoto anayetaka kujua kama mama yake alishiba.

"Sijui, Mapendo," nilimwambia. "Nilikuwa nimegeukia nje."